Hodi kwanza: maswali ya wazazi na walimu kuhusu vijana watundu wa kompyuta na udukuzi

Nafundisha kompyuta katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Kila kikao cha wazazi kikiisha, hakosekani mmoja anayebaki kwenye benchi mpaka wenzake watoke, halafu anasogea na kuniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, huyu wa kwangu anajua mno mambo ya kompyuta. Naogopa." Maswali ya hapa chini ni ya wazazi hao, na mengine ni ya walimu wenzangu. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale kwenye benchi, ila hapa nimepata nafasi ya kueleza zaidi.

Nitajuaje kama mwanangu anajifunza tu, au ameshaanza uhalifu?

Kukesha, kujifungia chumbani na kuandika maneno yasiyoeleweka kwenye kioo cheusi si ushahidi wa kitu chochote. Mtoto anayejifunza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, hufanya hayo hayo. Yapo mambo mengine yanayonishtua mimi: pesa kwenye simu ambazo hawezi kueleza zimetoka wapi, laini zaidi ya mbili zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine, orodha ya namba za simu au nywila za watu, na vifaa vipya ambavyo "rafiki kaniazima" kila mara.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kumuuliza anafanya nini, kwa nia ya kutaka kujua kweli. Anayejifunza atakuchosha kwa maelezo, atakuvuta kiti ukae uone. Mwenye jambo atasema "hamna kitu" na kuzima. Hata hivyo usijenge kesi kwa dalili moja. Vijana wa umri huo huficha hata barua za mapenzi.

Mwanangu ni mpole, anasali, darasani hana shida. Mtoto kama huyo anaingiaje kwenye udukuzi, yaani kuingia kwenye mifumo ya watu bila ruhusa?

Hili ndilo swali ninalopenda kuulizwa, kwa sababu wazazi wengi wanamtafuta mwizi ndani ya mtoto wao, hawamwoni, wanatulia. Wengi wa vijana hawa hawaanzi kwa tamaa ya pesa. Wanaanza kwa udadisi, kisha wanapata watazamaji.

Nchini Uingereza, mwezi Oktoba 2015, kampuni ya simu na intaneti ya TalkTalk ilidukuliwa, na taarifa za wateja karibu 157,000 zikachukuliwa. Kampuni ilipata hasara ya mamilioni ya pauni, na mamlaka ya kulinda taarifa binafsi ikaipiga faini ya pauni 400,000 kwa uzembe. Miongoni mwa waliofikishwa mahakamani alikuwemo mvulana aliyefanya kosa akiwa na miaka 16. Alikuwa ametafuta kasoro kwenye tovuti ya kampuni hiyo, akaipata, akawapa wengine habari. Alipoulizwa sababu, aliiambia mahakama kwamba alikuwa anajionyesha kwa rafiki zake. Mwaka huo huo, Idara ya Taifa ya Kupambana na Uhalifu ya Uingereza, NCA, ilitangaza kwamba wastani wa umri wa washukiwa katika uchunguzi wake wa makosa ya mtandao ulikuwa miaka 17.

Fikiria mtoto huyo anaishi maisha gani. Shuleni hakuna anayejua anachokijua. Mwalimu wake wa kompyuta (na hapa najisema na sisi) anafundisha sehemu za kompyuta kwa kuchora ubaoni kwa sababu maabara haina umeme. Nyumbani anaambiwa "acha kuchezea simu". Usiku anaingia kwenye kundi la Telegram lenye vijana mia tano, anaonyesha kitu kidogo alichokifungua, na watu mia tano wanamwambia yeye ni mtaalamu. Mara ya kwanza maishani amesifiwa kwa kile anachokipenda. Kesho atatafuta kikubwa zaidi cha kuwaonyesha. Ukitaka kumtoa huko, usianze na vitisho vya jela. Anza kwa kuuliza ni nani mwingine anayemsifu.

Hii "intaneti ya bure" kwenye simu za vijana, nayo ni uhalifu?

Kwa hapa kwetu huu ndio mlango wa kwanza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mtoto anapakua programu ya kupitisha intaneti kwa njia ya siri, anaingiza faili alilopewa kwenye kundi, na simu inapata mtandao bila bando. Kinachofanyika ni hiki: kampuni ya simu huwa na tovuti chache zinazofunguka bure, kama ukurasa wa kununulia bando au tovuti za elimu. Faili lile linaudanganya mtandao uamini kwamba simu inakwenda kwenye tovuti hiyo ya bure, kumbe inakwenda kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhudumia kompyuta nyingine, ya mtu fulani, na kutoka hapo inafungua kila kitu. Ni kama kupanda basi kwa kujifanya wewe ni mtoto wa kondakta.

Ndiyo, ni kutumia huduma ya watu kwa udanganyifu. Najua mtoto atajibu kwamba bando ni ghali na kampuni ni tajiri. Kwenye bei mkubalie, bando ni ghali kweli, na mtoto wa mkulima anayetaka kujifunza anaumia. Kisha mweleze asiloambiwa kwenye kundi: seva ile ina mwenyewe. Mwenye seva hiyo anaona simu yako inakwenda tovuti zipi, na kwa zile zisizolindwa anaweza kusoma hata unachoandika. Mtu anayempa mgeni asiyemjua intaneti bure usiku na mchana, kwa gharama zake, anapata faida gani? Nikiliuliza swali hilo darasani huwa panakuwa kimya kwa muda.

Na wale wanaotengeneza mafaili hayo na kuyauza kwa shilingi elfu moja moja ndio wale wale ambao baada ya miezi michache wanawaambia wateja wao waaminifu: "Kuna kazi ndogo, unataka?"

Kazi ndogo gani hiyo?

Kwa kawaida ni kupokea pesa. "Tumia laini yako, zitaingia laki tatu, baki na elfu thelathini, nyingine tuma kwenye namba hii." Kila Mtanzania ameshapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Pesa anayoituma mzee wa watu aliyedanganyika lazima iingie kwenye laini ya mtu, itolewe kwa wakala, ipotee. Laini hiyo mara nyingi si ya tapeli mkuu. Ni ya kijana aliyeambiwa ni kazi ndogo.

Katika takwimu za TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, mkoa wangu wa Morogoro na mkoa wa Rukwa imetajwa mara kwa mara kwenye nafasi za juu kwa majaribio ya utapeli wa namna hii. Naliandika hili kwa uchungu. Baadhi ya watoto ninaowafundisha wana kaka zao kwenye biashara hiyo, na kaka huyo ndiye mwenye pikipiki na viatu vizuri mtaani.

Mzazi mwenzangu, kuna jambo la kisheria usilisahau: laini ya mtoto aliye chini ya miaka 18 husajiliwa kupitia mzazi au mlezi. Polisi wakifuata pesa, kidole watakachokikuta kwenye usajili ni chako. Piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukipokea ujumbe wa kitapeli, upeleke kwenye namba 15040. Wakenya wenye laini za Safaricom huupeleka kwenye 333.

Anasema anaangusha seva za gemu tu, utani kati ya wachezaji. Nihangaike?

Hangaika. Kuiangusha seva ni kuifurika kwa maombi bandia mpaka ishindwe kumhudumia mtu yeyote, na zipo tovuti zinazouza huduma hiyo kwa bei ya soda chache.

Mfano ninaoutumia darasani ni wa Mirai. Paras Jha alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Rutgers, jimbo la New Jersey, Marekani. Yeye na wenzake wawili, Josiah White na Dalton Norman, walikuwa kwenye ulimwengu wa gemu ya Minecraft, ambako wenye seva hugombania wachezaji na wachezaji ni pesa. Mwaka 2016 wakaandika programu hiyo ya Mirai, iliyokuwa ikizunguka kwenye intaneti ikitafuta kamera za ulinzi na ruta (vifaa vya kugawa intaneti) ambazo wenyewe hawakubadilisha nywila za kiwandani. Ikavikamata vifaa mamia kwa maelfu, vikawa jeshi la kuangusha seva za washindani. Kisha wakaimwaga programu hiyo hadharani ili wasijulikane ni yao. Tarehe 21 Oktoba 2016 watu wengine wakaitumia kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikizielekeza kompyuta kwenye anwani za tovuti, na Twitter, Netflix na tovuti nyingine kubwa zikawa hazifunguki kwa sehemu kubwa ya Marekani. Ugomvi wa seva za gemu ulifika huko.

Jha alikuwa ameushambulia pia mtandao wa chuo chake mwenyewe. Mwaka 2018 mahakama ya Alaska iliwapa wote watatu miaka mitano ya uangalizi, saa 2,500 za kazi za jamii na fidia ya dola 127,000. Hawakufungwa kwa sababu walikuwa wamewasaidia sana wapelelezi wa FBI kuzuia mashambulizi mengine. Lakini kwa kesi ya chuo, mahakama ya New Jersey ilimwamuru Jha alipe dola milioni 8.6. Huwa nawaambia wanafunzi wazigeuze kuwa shilingi wenyewe.

Kuwatisha kunasaidia? Au tunawafundisha njia?

Kumwambia mapema na kwa wakati kunasaidia kuliko nilivyodhani zamani. Kuanzia mwishoni mwa Desemba 2017 hadi Juni 2018, NCA ilinunua matangazo kwenye Google. Kijana wa Uingereza akitafuta huduma za kuangusha seva, tangazo dogo lilimtokea likimwambia kwamba hilo ni kosa la jinai. Basi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge wakalinganisha idadi ya mashambulizi: Marekani yaliendelea kuongezeka, Uingereza ongezeko likasimama kwa kipindi hicho.

Kilichonigusa ni kwamba tangazo halikuwa na picha ya pingu wala sauti ya ukali. Lilimfikia mtoto dakika ile ile aliyokuwa karibu kukosea. Wengi walikuwa hawajui tu. Mimi sasa, kila muhula, kabla sijagusa somo la mitandao, natumia kipindi kizima kueleza sheria. Wenzangu waliniambia nawapa wanafunzi mawazo. Mawazo wanayo tayari.

Lakini hakuiba hata senti. Aliingia akaangalia akatoka. Kosa liko wapi?

Kwetu mtu akifika nyumba ya watu hubisha hodi na kusubiri aambiwe karibu. Akibisha mara tatu bila kuitikiwa, anarudi alikotoka. Hata kama mlango uko wazi. Hata kama anaona kabisa sebuleni hakuna mtu. Akiingia, hakuna atakayemuuliza ameiba nini, ataulizwa ameingiaje.

Sheria inasema hivyo hivyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila uhalali. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida aliyoipata, yoyote iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote pamoja. Kifungu kinachofuata kinamgusa hata aliyeingia kwa ruhusa akabaki ndani ruhusa ilipokwisha. Kenya, sheria yao ya mwaka 2018 inaweka faini isiyozidi shilingi za Kenya milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Hakuna sehemu inayodai kwamba lazima kitu kiwe kimeibwa.

Kwa hiyo kuingia kwenye akaunti ya Instagram ya mwenzake kwa sababu alimwona akiandika nywila, ni kosa. Kuingia kwenye waifai ya jirani kwa kubahatisha nywila, ni kosa. Mtoto akikuuliza "je, hili nalo?", mrudishie swali: ulibisha hodi kwa nani, na nani alikwambia karibu?

Ana miaka 15. Atafungwa?

Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Kesi yake huenda Mahakama ya Watoto, na adhabu inaweza kuwa uangalizi, fidia inayolipwa na mzazi, au kupelekwa shule ya maadilisho kama ile ya Irambo, Mbeya. Chini ya miaka 10 hana hatia ya jinai. Kati ya 10 na 12 lazima ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua anachokifanya ni kosa. Kenya, sheria ya watoto ya mwaka 2022 imepandisha umri huo wa chini kuwa miaka 12.

Usimwambie mtoto kwamba hawezi kufungwa akaelewa kwamba yuko huru. Siku ya kuzaliwa ya 18 inakuja haraka, na tabia haisomi kalenda.

Nimnyang'anye simu na kompyuta?

Kama kuna mtu anaumizwa sasa hivi, ndiyo, chukua leo. Kama sivyo, nakushauri usifanye. Mtoto mwenye ujuzi huo atapata simu nyingine kabla ya Ijumaa, na safari hii hutajua iko wapi. Na utakuwa umemfundisha kwamba ujuzi wake ndio dhambi, jambo ambalo ndilo anaambiwa na wale wa kundini: "wazee hawakuelewi, sisi tunakuelewa."

Nilikuwa na mwanafunzi ambaye baba yake aliivunja kompyuta mpakato mbele yake kwa nyundo. Kijana alihamia kwa rafiki aliyekuwa na kibanda cha kurusha nyimbo na kufungua simu zilizofungwa. Ilituchukua mwaka mzima kumrudisha, na mimi sisahau kwamba kabla ya nyundo alikuwa anatengeneza programu ya kukokotoa wastani wa alama za darasa.

Badala ya kunyang'anya, hamisha. Kifaa kikae sebuleni. Intaneti iwe na saa zake.

Mjomba wake anamlipa ili amfungulie simu ya mkewe. Nimwambie nini mtoto?

Kwa mtoto ni fupi: asifanye, na akiombwa tena akwambie wewe. Maneno yangu mengi ni kwa mjomba.

Tunawalaumu vijana, lakini wateja wao wa kwanza ni sisi. Shemeji anataka kusoma WhatsApp ya mumewe. Jirani anataka kujua mfanyakazi wake anawasiliana na nani. Mwenye duka anataka programu ya kulipia irukwe. Na wapo walimu wanaomwomba mwanafunzi "aangalie" mtihani kwenye kompyuta ya mwenzao. Kila mmoja wao anamlipa mtoto elfu kumi na kumsifu kwamba ana kipaji. Mtoto anajifunza nini hapo? Kwamba watu wazima wenye heshima zao hununua udukuzi, kwa hiyo si kitu kibaya. Nimeshawahi kukaa na kijana wa kidato cha tatu akanitajia wateja wake, na nilikuwa nawaheshimu wanne kati yao.

Mwite mjomba pembeni, bila mtoto kusikia, umwambie kwamba anachomlipia mwanao ni kosa ambalo adhabu yake nimeitaja hapo juu, na kwamba yeye naye ameshiriki.

Basi ajifunzie wapi bila kuvunja sheria? Hatuna pesa wala kompyuta nzuri.

Vipo viwanja vilivyojengwa ili vidukuliwe, ambavyo wenyewe wameshasema karibu. Nitataja ninavyovitumia.

Cha kwanza, kwa sababu kinatumia bando dogo sana, ni Bandit cha OverTheWire. Ni maandishi matupu, hakina picha wala video. Mtoto mwenye simu ya Android anaweka Termux, programu ya kuandikia amri za kompyuta, anaunganika na seva yao, na kwenye kila ngazi anatafuta nywila ya kumpeleka ngazi inayofuata. Ziko zaidi ya 30. Ngazi za mwanzo ni kusoma faili tu, baadaye zinauma. Nimeona vijana wakigombania kumaliza ngazi kama wanavyogombania mpira wakati wa mapumziko.

Kingine ni picoCTF cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilichotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, bure. Kwa usalama wa tovuti, kampuni ya PortSwigger ina masomo bure yenye mazoezi. Ukiwa na kompyuta yenye nguvu kidogo, weka VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta bandia ndani ya kompyuta yako, na ndani yake OWASP Juice Shop, duka bandia la kuuza juisi lenye matundu ya makusudi. Hilo linafanya kazi hata intaneti ikikatika, na kwa shule zetu hiyo ni neema.

Shida ni lugha. Maelekezo yote ni ya Kiingereza, na mtoto wa kidato cha kwanza anakwama kwenye maneno kabla ya kukwama kwenye kompyuta. Ndiyo maana tulianzisha klabu: wawili wawili, anayejua lugha na anayejua mashine. Alhamisi baada ya vipindi, kompyuta sita, ubao wa majina ya waliofika ngazi gani. Ubao ule ndio moyo wa klabu. Ni wale watazamaji niliowasema, tumewahamisha kutoka Telegram.

Kuna pesa kwenye njia hiyo halali?

Ipo. Kampuni nyingi kubwa huwalipa wanaozitafutia kasoro kwa masharti yaliyoandikwa, kupitia majukwaa kama HackerOne na Bugcrowd. Santiago Lopez wa Argentina alijifunza mwenyewe kwenye intaneti, akaanza akiwa na miaka 16 kwa zawadi ya dola 50, na mwaka 2019, akiwa na miaka 19, akawa wa kwanza kufikisha dola milioni moja HackerOne. Ni mtu mmoja kati ya maelfu, usimwahidi mwanao hivyo. Mwahidi kwamba ujuzi huu unasomewa: Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya usalama wa mtandao. Lakini ukweli ni kwamba hesabu na Kiingereza cha kidato cha nne vitahitajika, na hapo ndipo ninapowabana.

Ameona kasoro kwenye mfumo wa shule au wa duka. Afanye nini?

Mwanafunzi wangu aliwahi kuangalia matokeo yake kwenye mfumo wa shule, akabadilisha tarakimu ya mwisho kwenye anwani, akajikuta anaona ya mwingine. Alikuja kwangu jioni hiyo hiyo anatetemeka. Nilimuuliza: umefungua ya wangapi? Akasema mbili, yake na ya rafiki yake aliyekaa pembeni akamkubalia. Nilishusha pumzi. Angefungua za darasa zima ili "kuhakikisha", tungekuwa kwenye mazungumzo mengine.

Aache pale pale alipoona. Asipakue kitu, asiwaonyeshe wenzake, asiweke kwenye kundi, na asiombe pesa kabisa, kwa sababu kuomba pesa kabla ya kusema kasoro kunasomeka kama vitisho. Aandike tarehe, saa na alichokiona. Barua ipitie kwa mzazi au mwalimu, iende kwa mwenye mfumo. Sisi tuliandika ya ukurasa mmoja. Aliyetengeneza mfumo alikasirika kwanza, wiki mbili baadaye akarekebisha. Hakushukuru. Nilimpigia makofi kijana huyo mbele ya klabu. Kwa mambo makubwa, vipo vikosi vya taifa vya kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao: Tanzania kuna TZ-CERT chini ya TCRA, na Kenya kuna KE-CIRT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Nimegundua ameshafanya, na kuna mtu ameumia. Nianzie wapi?

Kaa naye akuambie yote, na umsikilize mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo. Asifute kitu na asirudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Kufuta ni kuharibu ushahidi, na mara nyingi wapelelezi hupata nakala kwingine. Atoke kwenye makundi. Pesa iliyobaki isiguswe. Tafuta mwanasheria kabla ya kituo cha polisi. Kama huna uwezo, ulizia watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, au anza na afisa ustawi wa jamii wa kata. Ukienda kituoni, nenda naye, na uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ya simu ya mtoto, Tanzania na Kenya, ni ya bure.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Aliyeumia atalalamika, na ni heri mtoto awe ameshasema.

Nawapa vijana hao habari ya Marcus Hutchins wa Devon, Uingereza. Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilikuwa inafunga kompyuta katika nchi 150 hivi, hospitali za Uingereza zikiwemo. Hutchins, akiwa na miaka 22, aliona ndani yake jina la tovuti ambalo halijasajiliwa, akalisajili, na ueneaji ukasimama. Miezi mitatu baadaye akakamatwa Las Vegas, kwa sababu alipokuwa kijana mdogo alishiriki kutengeneza programu ya kuibia benki. Alikiri. Mwaka 2019 jaji aliona kwamba muda aliokaa kizuizini unatosha, akampa mwaka mmoja wa uangalizi. Vijana huniuliza: alisamehewa kwa sababu ya WannaCry? Nawajibu kwamba alikuwa ameshabadilika kabla ya WannaCry, alikuwa tayari ameajiriwa kulinda mifumo, na hakuna aliyekuwa anamtazama.

Uholanzi wamefanya jambo ambalo natamani tulione huku: mpango wa Hack_Right, ambamo kijana aliyekosea mara ya kwanza hupelekwa kujifunza kwenye kampuni ya usalama wa mtandao, akiwa na mtu wa kumlea, badala ya kuachwa na hukumu tu.

Mimi sijui kompyuta kabisa. Nitamsimamiaje mtu anayenizidi?

Huhitaji kujua mashine. Unahitaji maswali matatu unayoweza kuuliza ukiwa unachambua mchicha: hii ni ya nani, amekuruhusu nani, na nikimpigia simu huyo mwenyewe sasa hivi atasema nini?

Kuna mama mmoja anauza vitumbua karibu na stendi, mwanawe yuko klabu. Aliniambia haelewi hata neno moja la anachokifanya mtoto, ila kila Jumapili jioni anamwambia amwonyeshe, naye anakaa pembeni mpaka mwisho. Humuuliza amefika ngazi ya ngapi, na wiki inayofuata anaikumbuka namba. Mara ya mwisho nilipopita kununua vitumbua, alinitajia kabla sijamuuliza: ya 14, na ya 15 inamsumbua.